Siku Ceinwen Alipopasua Mwaloni Uliopinda

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi, na Ceinwen Bebb amekwisha kunywa vikombe vitatu vya chai. Analizunguka gogo. Analizunguka tena. Anainama, anaweka kiganja kwenye gome, anainuka, anacheka peke yake. Kisha anawageukia watu waliojaa kwenye uwazi wa msitu na kuwaambia warudi nyuma hatua kumi.

Wanarudi hatua mbili, halafu wanajisogeza mbele tatu.

"Jamani, mtu akipoteza mguu leo asije kunililia mlangoni!" anafoka, meno yote nje.

Si kawaida kwa msitu wa Coed y Foel kupata wageni arobaini na watatu kabla watu hawajamaliza kifungua kinywa. Wamekuja na viti vya kukunja, mbwa, watoto wachanga na birika kubwa la kanisani. Mtu ameleta mikate mitatu ya zabibu kavu, na mmoja umekwisha kabla ya msumeno kuwashwa. Ardhi bado ina umande na majani ya maua ya buluu yameanza kuchomoza, kwa hiyo kila anayekanyaga nje ya njia anapigiwa kelele.

Wote wamekuja kuona kitu kimoja: ndani ya gogo hili kuna nini.

Ceinwen, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, ni mkata miti. Amefanya kazi katika msitu huu kwa miaka thelathini na moja, akianza chini ya baba yake, Meilir. Magogo anayavuta kwa farasi, kwa sababu trekta zito likipita hapa mara moja udongo unakumbuka kwa miaka kumi. Mwaka jana kazi hiyo ilimpatia pauni elfu kumi na saba, na sehemu kubwa ilitokana na kuni.

"Hilo ndilo linaloniuma," anasema. "Kuni. Maisha yangu yote watu wananiambia, Ceinwen, msitu wako ni wa kuni tu, mbao za maana zinatoka ng'ambo. Nimelisikia hilo posta, nimelisikia mnadani, nimelisikia hadi harusini kwangu."

Nafasi ya kuwafunga midomo ilikuja kwa njia ya balaa. Mwezi Desemba, mwaka juzi, dhoruba iliezua paa la ukumbi wa kijiji na kulitupa katika shamba la jirani. Ni ukumbi ambamo watu hapa huimba, huoana, hupiga kura na hunywa chai baada ya mazishi. Kamati ilipomwita Iolo Vaughan, fundi wa kenchi za kubeba paa, alichora ukumbi mpya wenye boriti mbili kubwa zilizopinda, zinazoanza sakafuni na kukutana juu kileleni, kama yalivyo maghala ya zamani katika bonde hili.

Kazi ya namna hiyo inadai mti wa namna yake. Boriti hizo mbili lazima zitoke katika mwaloni mmoja uliopinda wenyewe ukiwa hai, upasuliwe katikati kwa urefu, ili upande wa kushoto na wa kulia vifanane kabisa. Ukichukua miti miwili tofauti, paa linakaa upande.

"Niliwaambia kamati, nipeni muda, nitaupata," Ceinwen anasimulia. "Wakaniangalia kama nimesema nitawaletea tembo."

Aliutafuta kwa karibu mwaka mzima. Msitu una ekari sitini na mialoni mingi, lakini mingi imenyooka, au imeoza moyoni, au imepinda mara mbili kama mtu anayetafuta funguo zilizoanguka. Miti ya umri wa kati haipo kabisa. Ceinwen analijua vizuri jambo hilo na sababu yake: kwa miaka mingi kondoo waliingia kila majira ya baridi na kutafuna kila kichipukizi.

"Baba alizunguka uzio mpaka akachoka. Hakujua wanapitia wapi," anasema.

Mwishowe aliukuta mmoja, pembeni kabisa mwa msitu, mpakani na shamba la Pen-rhiw. Ulipinda taratibu na kwa usawa, mara moja tu, kuanzia juu kidogo ya mizizi. Ceinwen anakiri kwamba aliukumbatia. Akaukata mwezi Januari, na farasi wawili wakatumia siku tatu kuuburuta hadi uwazini.

Mzee Idwal wa Pen-rhiw hakukumbatia chochote. Mfugaji huyo wa kondoo, mwenye miaka themanini na miwili, ni mjumbe wa kamati, na tangu siku ya kwanza alitaka ukumbi wa chuma.

"Chuma hakiozi," aliwaambia wenzake. "Na chuma hakitutaki tumngoje Ceinwen aote ndoto."

Kamati ilipiga kura mara tatu bila kuelewana. Mwenyekiti, Gwladys Tudor, aliyekuwa akigawa barua kwa baiskeli hadi alipostaafu, akakata shauri. Ceinwen apewe hadi Jumamosi hii. Gogo likipasuka zima, ukumbi utakuwa wa mwaloni. Likiwa limeoza au lina ufa ndani, Gwladys atapiga simu Jumatatu saa tatu asubuhi kuagiza chuma. Fomu ya oda ilikuwa mfukoni mwake asubuhi hiyo, imejazwa, inasubiri sahihi.

"Nampenda Ceinwen, lakini mvua nayo inanyesha ukumbini," anasema Gwladys.

Kwa hiyo Ceinwen hakulala vizuri. Alfajiri alikuwa ameshapitisha mashine ya kutafutia chuma juu ya gogo lote, na sehemu moja ikalia. Akachimba kwa patasi na kutoa kipande kilicholiwa na kutu, urefu wa kidole. Akadhani ni msumari wa uzio. Misumari ya aina hiyo huipata kila mwaka. Alikitupia katika kisahani kwenye meza ya chai, karibu na mkate, akaendelea na kazi.

Gogo limelazwa ubavu, na mpindo wake umetulia sawasawa na ardhi. Juu yake amefunga reli mbili za mbao ili msumeno utembee bila kuyumba. Upanga wa msumeno wake wa mnyororo ni mrefu kuliko mkono wa mtu mzima. Ceinwen anashusha kioo cha kofia, anamtazama Iolo, na Iolo anatikisa kichwa kukubali.

Msumeno unaanza kutokea upande wa kilele. Vumbi la mwaloni linaruka manjano, na harufu yake kali inafika hadi mezani. Unakwenda mita moja. Unakwenda ya pili. Mtu anaanza kupiga makofi na mwenzake anamzuia. Ceinwen anasukuma kwa nyonga na mabega, polepole, na kila akisogea umati nao unasogea.

Wakati huo Mzee Idwal alikuwa amekuja mezani kujimiminia chai. Watu watatu waliosimama karibu wanakubaliana kuhusu kilichofuata. Aliinua kipande cha chuma kutoka kisahanini. Akakigeuza. Akakiweka. Akakichukua tena. Chai ikaendelea kumwagika kutoka kwenye birika hadi kikombe kikafurika na kulowesha mkono wake, na yeye hata hakushtuka.

"Zima!" akapaza sauti. "Zima mashine!"

Hakuna aliyemsikia. Msumeno ulikuwa ukinguruma na Ceinwen alikuwa na vizibo masikioni. Ndipo mzee huyo, ambaye kwa kawaida huhitaji msaada kushuka ngazi ya kanisa, akapasua umati kwa viwiko, akafika kwenye gogo, akavua kofia yake na kuitupa juu ya reli, mbele kabisa ya msumeno.

Ceinwen akazima.

"Mzee Idwal, umerukwa na akili?" aliuliza. "Ningekukata mkono!"

"Kuna kingine."

"Kingine nini?"

"Chuma. Kile kisahanini si msumari, binti. Ni kulabu ya lango. Na lango halining'inizwi kwa kulabu moja."

Gwladys akaweka mikono kiunoni. "Na wewe umejuaje kama ni ya lango?"

"Kwa sababu niliipigilia mimi."

Hapo ilitoka habari ambayo haikuwa imesikika kwa miaka sitini na miwili. Katika baridi kuu ya mwaka 1963, theluji ilipofika juu ya madirisha, Idwal, kijana wa miaka ishirini, alikuwa akipoteza kondoo kila asubuhi. Akafungua nafasi katika uzio wa mpakani, akapigilia kulabu mbili kwenye mwaloni wa Meilir Bebb na kuning'iniza lango. Kondoo wake wakajificha msituni na kupona.

"Mwaka ule ilikuwa shida," alisema, akiangalia viatu vyake. "Miaka ishirini iliyofuata ilikuwa tabia mbaya."

Kila majira ya baridi alilifungua lango hilo giza likiingia na kulifunga kabla ya mapambazuko. Aliliondoa mwaka 1983, Meilir alipoanza kupima mpaka kwa kamba. Kulabu hazikukubali kutoka. Ya juu aliivunja. Ya chini aliipiga kwa nyundo kubwa mpaka ikazama ndani ya mti, naye akalijaza tundu kwa udongo.

Ceinwen alikuwa amesimama na msumeno mkononi, uso umemwiva. Yeye mwenyewe anasema kwamba kwa muda alisahau kabisa habari ya ukumbi.

"Baba alinigombeza mimi!" alipasuka. "Kila baridi! Alidhani ninaacha geti la barabarani wazi! Nilikosa tamasha la nyimbo nikiwa na miaka kumi, kwa ajili ya kondoo wako!"

"Najua. Nilikuwa nakusikia ukilia kutoka ng'ambo ya uzio."

"Ulikuwa unanisikia!"

"Nilijitia hamnazo, binti. Sina la kujitetea."

Alipoulizwa baadaye ilikuwaje Idwal aseme ilhali kunyamaza kungempa kila alichokitaka, Gwladys alisema ndicho alichokuwa akijiuliza hata yeye. Mnyororo ungegonga chuma, ungekatika, na huenda ungemrukia Ceinwen usoni. Gogo lingebaki limepasuka nusu. Ukumbi wa chuma ungekuwa wake Jumatatu, na siri yake ingeteketea pamoja na kuni.

"Muulize mwenyewe," alisema. Mzee alipoulizwa, alijibu kwa ufupi: "Nimemwona huyu akizaliwa."

Ceinwen aliupumzisha msumeno na kufuta uso kwa mkono wa koti. Hasira zilikuwepo bado, anasema, ila gogo lilikuwa limefunguka mita nne na lilikuwa zima hadi hapo. Hakuwa na nafasi ya kugombana na kushinda kwa wakati mmoja.

"Haya. Iko wapi hiyo ya pili?"

"Ilikuwa usawa wa nyonga yangu."

"Nyonga ya mwaka gani?" akadakia Gwladys. "Umefupika, Idwal! Siku ya harusi yako uliinama mlangoni. Leo unapita chini ya meza!"

Watu wakaangua kicheko, na kicheko hicho kiliwasaidia wote. Idwal naye akacheka, mara ya kwanza asubuhi hiyo. Kisha akasimama ghafla, mdomo wazi.

"Lango!" akasema. "Lango lenyewe ninalo! Limeziba zizi la madume!"

Hakukuwa na haja ya kueleza zaidi. Kulabu hufuata bawaba za lango lake, na bawaba za lango hazihami. Ukijua ya juu ilipo na ukapima nafasi kati ya bawaba, unajua ya chini ilipo. Iolo alikuwa ameshaingia kwenye gari lake la mizigo, na vijana wanne wamedandia nyuma bila kualikwa. Dakika kumi na mbili baadaye walirudi wakipiga honi, lango limelala juu ya mapaja yao, samadi mbichi kwenye suruali, na habari kwamba madume saba ya kondoo sasa yanatembea huru barabarani.

"Yaacheni!" alipiga kelele Idwal, ambaye hajawahi kusema neno hilo maishani mwake. "Pimeni!"

Futi tatu na inchi moja. Ceinwen alipima kutoka kwenye tundu la kwanza kuelekea upande wa mizizi, akatia alama kwa chaki, akachukua keekee. Mashine ya kutafutia chuma ilipita hapo mara tatu bila kulia, kwa kuwa haioni zaidi ya upana wa kiganja. Alitoboa tundu la kwanza na unga ukatoka manjano safi. Akatoboa la pili, sentimita mbili pembeni. Manjano tena. Watu wakaanza kumtazama Idwal kwa jicho la pembeni.

Katika tundu la tatu unga ukatoka wa buluu nyeusi, kama wino.

Kila mtu katika bonde hili anajua maana yake, maana mwaloni ukikumbatia chuma hutoa rangi hiyo. Kelele zilizopigwa zilisikika hadi barabara kuu. Kuna mtu alimbusu mbwa wa mtu mwingine. Ceinwen na Iolo walichimba kwa zamu, patasi na koleo, dakika ishirini na tano, na kulabu ikatoka nzima, nene kama dole gumba, ndefu kama kiganja. Ilikuwa imelala sawasawa kwenye mstari wa msumeno.

Ceinwen aliishika, akaipima uzito, akamkabidhi Idwal. Kisha akarudisha kioo usoni na kuwasha mashine.

Mita zilizobaki zilichukua dakika kumi na nane. Msumeno ulipotokeza upande wa pili, Iolo aliingiza kabari tatu na kugonga kwa zamu, moja, mbili, tatu, mpaka mwaloni ukatoa sauti ndefu na nusu ya juu ikaachia. Watu wanane waliinua na kuigeuza, wakailaza kando ya mwenzake.

Ndani ulikuwa na rangi ya asali, hauna ufa, hauna tone la uozo. Nyuzi zake zilifuata mpindo kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Iolo alipiga magoti, akagonga kwa vifundo vya vidole kila baada ya hatua moja, akisikiliza. Alipofika mwisho alibaki ameinama kwa muda mrefu hata watu wakaingiwa na hofu. Alikuwa akilia.

"Boriti," alisema. "Mbili."

Ceinwen anakumbuka kuinuliwa juu. Hakumbuki nani alimwinua. Gwladys alitoa fomu ya chuma mfukoni, akaikunja mara nne na kuitia motoni chini ya birika, akatangaza kwamba chai inayofuata ni ya kamati. Idwal aliinua mkono kuunga mkono hoja, na katibu akaiandika kama kura halali.

Lilibaki doa. Katika kila nusu, mahali palipokuwa na kulabu ya chini, kuna alama ya buluu nyeusi yenye ukubwa wa sahani, moja ikiitazama nyingine. Iolo anasema hazipunguzi nguvu ya mti hata kidogo. Boriti zikisimama, zitakuwa moja kila upande wa ukumbi, usawa wa macho ya mtu aliyekaa.

"Si mtaziziba kwa kipande kipya?" aliuliza Idwal, kwa sauti ya chini.

"Haziguswi," Ceinwen alijibu.

"Watu watauliza."

"Watauliza kila Jumamosi wakija kunywa chai. Na wewe utakaa hapo uwajibu, mpaka koo likukauke."

"Na mkate nitapewa?"

"Mkate utapewa."

Boriti zitasimamishwa Jumamosi ya kwanza ya Mei, na kijiji kizima kitavuta kamba. Iolo amekataa winchi. Ceinwen amepokea simu tisa kutoka vijiji vingine vinavyotaka mbao zake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi amelazimika kununua daftari la miadi. Analionyesha kwa kila mtu, hata kwa mwandishi wa habari aliyekwisha kuliona.

Ila shauku yake kubwa iko kwingine, pembeni mwa msitu, mpakani na Pen-rhiw. Anataka kuzungushia uzio ekari tatu kabla ya majani kupukutika, kondoo wasiingie kabisa. Amehesabu ndani yake vichipukizi kumi na moja vya mwaloni vilivyofika magotini. Nguzo ametoa Idwal, zote mia moja na arobaini, na kila siku baada ya chakula cha mchana hufika na nyundo, hupigilia mbili au tatu, hupumzika, hugombana na Ceinwen kuhusu mstari, na kurudi nyumbani.

Ceinwen anajua hatakuwepo vichipukizi hivyo vitakapokuwa miti. Anapiga hesabu ya miaka mia moja na ishirini, labda zaidi. Alipoulizwa anachotumainia, hakufikiri hata kidogo.

"Siku moja paa litaezuliwa tena, dhoruba za huku unazijua," alisema, akifuta mikono kwenye suruali. "Mtu atakuja humu kutafuta mwaloni uliopinda. Nataka azunguke, aupate, halafu aone mwingine mzuri zaidi, achanganyikiwe, arudi nyumbani hajui achague upi. Mimi nilikuwa na mmoja tu."